Mlango wa Lamu Una Sheria, Boti ya Homa Bay Haina

Wasee, leo tunaongea historia, na najua nusu yenu mmeshaanza kuskrol. Ngojeni kidogo.

Chukua simu yako utafute majengo ya kihistoria ya Kenya. Utapewa Fort Jesus. Utapewa Lamu. Utapewa magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia juzi tu, 2024. Ukishuka zaidi utapata majengo mawili matatu ya Nairobi. Ziwa Victoria hutaliona, labda kwenye picha ya mtu anakula samaki.

Sina ubaya na Pwani. Lamu ni mji wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ulioishi kwa biashara ya bahari, na upande wa pili wa kisiwa, kijijini Matondoni, mafundi wanajulikana hadi leo kwa kuunda majahazi. Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali 1986, halafu 2001 ukaingia orodha ya UNESCO. Wanastahili kabisa. Lakini sisi wa ziwa, miaka hiyo yote tulikuwa tunavuka maji na nini? Tulikuwa tunaogelea?

Mimi ni mtoto wa Homa Bay, na shule ya upili nilisomea Migori. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite msomi. Mimi ni msee wa kamera tu, na kwa sababu ya kamera nimezunguka fuo nyingi za huku kuliko walimu wangu wa historia. Nimeona kwamba tuna historia ya kuunda vyombo vya majini, na tuna majengo yaliyoletwa na vyombo hivyo. Kitu hatuna ni orodha, na desturi ya kurekebisha kabla ya kubomoa. Saa hii pesa zinaingia, barabara zinachimbwa na kila plot inataka ghorofa. Kitu ambacho hakiko kwenye orodha kinaweza kuisha asubuhi moja, kabla hujamaliza chai.

Meli iliyokuja kwa vipande

Tuanze na Kisumu, kwa sababu meli zilizofungua miji yetu ziliunganishwa huko. Fikiria mwaka wa 1900. Reli ya kutoka Mombasa haijafika ziwani, itafika Desemba 1901. Lakini tayari kuna meli ndogo ya mvuke majini, inaitwa William Mackinnon. Ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa, ikaletwa Mombasa. Kutoka pale reli ilipoishia, vipande vilibebwa na watu. Ndiyo, watu. Vyuma vya meli juu ya mabega ya wapagazi mpaka ziwani, halafu mafundi wakaviunganisha upya kama kitanda cha dukani.

Reli ilipofika mambo yakaharakishwa. Kiwanda kimoja karibu na Glasgow, Bow, McLachlan, kikawa kinatuma meli nzima kwa mafungu ya vyuma. Winifred iliingia majini Kisumu 1902, Sybil ikafuata. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia kukawa na nyingine iliyopewa jina la Rusinga. Manze, kisiwa chetu kilikuwa kwenye ubavu wa meli zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wengi wetu tunajua tu Rusinga ya wikendi.

Meli hizi hazikuwa za Kisumu peke yake. Zilishuka Kendu Bay, Homa Bay, Mfangano, mpaka huku chini Karungu na Muhuru. Gati ilikuwa ndiyo steji. Mahali meli inasimama, mfanyabiashara anajenga duka. Penye maduka panahitajika stoo, na penye stoo pamba itakuja. Nyanya zetu walilima pamba wakati wa mkoloni, mara nyingi si kwa kupenda, ni kwa sababu kodi ya nyumba ilitakiwa kwa pesa taslimu. Kukawa na viwanda vya kuchambua pamba Homa Bay na Kendu Bay. Marobota yalipakiwa kwenye meli, yakavuka hadi Kisumu, yakapanda treni.

Kendu Bay ndiyo mji ambao ningempeleka mtu yeyote anayeniambia Nyanza Kusini haina mji wa zamani. Nenda uone maduka ya zamani ya Wahindi, baraza mbele, mabati yameshika kutu, milango ya mbao inayokunjwa. Nenda uone msikiti wa Tawakal, uliotokana na Waislamu waliofika na biashara ya ziwa wakaoa na kuzika hapa. Halafu tembea kidogo mpaka Gendia. Wamisionari wa Kisabato walianzisha kituo hapo 1906, Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, kijana kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Gendia ikapata kiwanda cha kuchapisha vitabu wakati ambapo sehemu nyingi za nchi hii hazikuwa hata na duka la vitabu. Msikiti, duka la Mhindi na misheni, vyote karibu karibu. Kilichovileta pamoja ni maji.

Karungu nayo, upande wa Migori, iliingia vitani. Septemba 1914, siku zile Wajerumani walivuka mpaka wakapigana na Waingereza Kisii, Winifred ilitumwa Karungu Bay ikakutana na boti ya Wajerumani iliyoitwa Muansa. Mizinga ikalia kwenye ghuba ambayo leo watu wanaanika omena. Shuleni nilifundishwa vita hivyo kwa kirefu, Ulaya yote, na Karungu haikutajwa hata mara moja. Na ilikuwa safari fupi tu ya matatu.

Kiwanda kisicho na ukuta

Mpaka hapo nimesimulia meli za chuma, meli za wageni. Lakini kiwanda kikubwa cha kuunda vyombo kwenye ziwa hili hakikuwa na ukuta wala geti. Kilikuwa ufuoni, chini ya mti. Na bado kipo.

Boti ya mbao ya ziwa ina ukoo wake. Aina inayojulikana zaidi inaitwa sesse, jina linalotoka visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Zamani mbao zake zilishonwa. Hakuna msumari, nyuzi tu zinapita kwenye matundu. Cha kushangaza, kule Pwani kulikuwa na chombo kinaitwa mtepe, ambacho nacho kilishonwa, kwa kamba za makumbi ya nazi. Maji mawili yaliyo mbali hivi, na fundi wa huku na wa kule wote wakaamua kushona boti kama nguo. Baadaye misumari ikaja, matanga yakaja, injini ya nyuma ikaja, na fundi wa ziwa akachukua kila kimoja akakiweka kwenye umbo lake.

Mwaka jana nilienda ufuo mmoja upande wa Mbita kurekodi klipu. Nilikuwa natafuta machweo, kusema ukweli. Nikapata mzee anabadilisha ubao kwenye boti iliyogeuzwa chali. Hakuwa na mchoro wowote. Alipima kwa shubiri, akapiga jicho, akachonga, akajaribu, akachonga tena. Nyufa alikuwa anazijaza pamba kwa patasi butu, taratibu, kama mtu anayelisha mtoto.

Nikamuuliza, "Jaduong', boti kama hii inaishi miaka mingapi?"

Hakuinua kichwa. "Nyathina, hiyo uliza mwenyewe, usiulize boti. Hii nimeibadilisha mbao karibu zote. Ile ya kwanza imebaki ule uti wa chini tu."

"Sasa hiyo si boti nyingine?"

Akanionyesha ubavuni, mahali palipoandikwa jina kwa rangi ya buluu, limepakwa juu ya lingine lililofifia. Jina ni lile lile. "Watu wa hapa wanaiita hivyo. Ushuru inalipa kwa jina hilo. Wewe ukivunjika mguu ukapona, unaitwa nani?"

Nikamuuliza nani anajifunza kazi kwake. Akasema vijana wawili walianza, mmoja akanunua bodaboda, mwingine yuko Nairobi. Alisema bila hasira. Mbao nzuri kama mvule bei imekuwa noma, wateja wengine wanaulizia boti za plastiki ngumu, na yeye macho yanachoka. Klipu ya machweo ilipata watu wengi. Klipu ya mzee ilipata watu 300 na kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria. Naam, mimi.

Sheria inajua mlango, haijui boti

Kenya tuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Hiyo ndiyo inayosema kitu gani ni urithi na nani anakilinda. Nimeisoma na nitawapa sehemu tatu tu.

Ya kwanza inahusu vitu vinavyohamishika. Ili kitu kihesabiwe moja kwa moja kuwa cha kale, lazima kiwe kimetengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Huo ndio mwaka Waingereza walitangaza himaya yao hapa. Sasa fikiria boti ya mbao. Inakaa kwenye maji, jua, funza wa mbao. Hakuna boti ya uvuvi ya Homa Bay itakayofika kwenye mstari huo. Hata iwe imetengenezwa na fundi wa mwisho anayejua kushona, kwa tarehe hiyo pekee bado ni mbao tu.

Ya pili ndiyo iliniamsha. Sheria hiyo hiyo inalinda milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Milango! Imetajwa waziwazi. Nyote mnajua ni milango ya wapi. Kuna mtu aliona milango ya Pwani ikinunuliwa na kusafirishwa, akapiga kelele, na kelele zikaingia kwenye sheria. Nasema hivyo kwa heshima, si kwa wivu. Mlango una sheria kwa sababu ulikuwa na watetezi. Boti haina kwa sababu hatujasimama.

Ya tatu ndiyo habari njema. Kwa majengo na maeneo, sheria haijali umri. Waziri, akishauriana na Makumbusho ya Taifa, anaweza kutangaza kwenye Gazeti Rasmi kwamba jengo fulani ni la kulindwa kwa sababu ya historia yake. Anaweza pia kutangaza kitu kinachohamishika kuwa kitu cha kulindwa. Maana yake duka la Kendu Bay linaweza kuingia. Stoo ya pamba inaweza. Boti inaweza. Mlango wa sheria uko wazi, ila hakuna mtu amebisha.

Wale waliorekebisha kabla yetu

Mtu ataniambia, "Sawa, lakini sisi watu wa ziwa hatukuwa na desturi ya kuhifadhi majengo." Huyo nampeleka Thimlich Ohinga.

Iko Nyatike, Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Ni maboma ya mawe, kuta zenye urefu wa kutoka mita 1.5 hadi 4.5, unene wa kama mita moja. Hakuna simiti. Hakuna udongo wa kushikisha. Inakadiriwa yalijengwa karne ya 16. Thimlich kwa Dholuo inabeba maana ya msitu mnene wa kuogofya, na ohinga ni boma la kujikinga. Kuna maboma manne makubwa: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Milango ni mifupi, lazima uiname kuingia, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Adui anayeingia ameinama ni adui ambaye kichwa chake umekitangulia.

Ukuta wenyewe una siri. Ukiutazama unadhani ni mawe yamerundikwa. Si hivyo. Uso wa nje ulipangwa peke yake, uso wa ndani peke yake, kwa wakati mmoja, halafu katikati pakajazwa mawe madogo yanayoshikanisha pande hizo mbili. Ndiyo sababu umesimama miaka yote hiyo bila kitu cha kuugandisha.

Lakini hayo ya ujenzi ni nusu tu ya story. Waliojenga Thimlich si wao walioishi hapo mwisho. Makundi tofauti yalipita, ya lugha za Kibantu na za Kiniloti, wengine wakahama, wengine wakaingia, mpaka watu wa mwisho wakaondoka nusu ya kwanza ya karne ya 20. Na kila kundi lililoingia lilikuta kuta za watu wengine, na badala ya kuzibomoa likazirekebisha likaendelea kuishi. Hakuna aliyesema, "Hizi ni kuta za wale, hazituhusu." Ziliwahusu kwa sababu zilikuwa na kazi.

Thimlich ilitangazwa kwenye Gazeti Rasmi 1981. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia 2018. Katikati hapo ni miaka 37. Lakini kabla ya 1981 kulikuwa na karne nne za watu wasio na UNESCO, wasio na bajeti, wanaorudisha jiwe lililoanguka. Wale ndio waliohifadhi. Sisi tulikuja na kibao.

Ndiyo maana namkumbuka yule mzee wa Mbita. Alichokuwa anafanya na ubao ndicho walichokuwa wanafanya na mawe.

Na msidhani kibao cha UNESCO kinatosha. Zanzibar kuna jengo linaitwa Beit al-Ajaib, lilijengwa 1883. Mji Mkongwe wote uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ndani ya jengo hilo kulikuwa na makumbusho, na humo kulikuwa na mtepe ulioundwa upya ili watu waone chombo cha kushonwa kilivyokuwa. Desemba 25, 2020, sehemu ya jengo ikaporomoka ukarabati ukiendelea. Watu wawili walikufa. Lilikuwa kwenye kila orodha inayowezekana duniani. Orodha inakulinda dhidi ya tingatinga. Haikulindi dhidi ya maji yanayoingia kwenye dari miaka na miaka.

"Lakini hayo ni ya Wahindi na Wazungu"

Hii nimeiona kwenye komenti zangu mara nyingi, basi tuijibu vizuri.

Ni kweli duka la Kendu Bay lilijengwa na Mhindi. Ni kweli meli iliagizwa na mkoloni. Lakini nani alibeba mawe ya hilo duka? Nani alilima pamba iliyojaza ile stoo? Nani alikuwa kuli kwenye gati? Ukibomoa jengo hilo hujamfuta mkoloni. Umefuta mahali ambapo babu yako alisimama kwenye foleni akauza pamba kwa bei aliyopangiwa. Ushahidi wa dhuluma pia unahitaji kuta.

Halafu kuna sura nyingine. Baada ya uhuru, Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 ilizuia watu wasio raia kufanya biashara sehemu nyingi nje ya katikati ya miji mikubwa. Wahindi wengi wa miji midogo wakafunga wakaondoka, na maduka yakapita kwa Waafrika. Ndani ya jengo moja una mkoloni, Mhindi, pamba, uhuru, na mama wa leo anayeuza mitumba na M-Pesa chini ya paa lile lile. Hilo jengo ni letu kwa historia ndefu kuliko tunavyodhani. Kama Thimlich, tulikuta kuta za wengine tukaingia.

Kuna pingamizi lingine ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi: mwenye plot. Huyo hana makosa. Ana jengo linavuja, ana karo ya shule, na kuna mtu anampa pesa za ghorofa nne. Ukimwambia "hifadhi historia" bila kumpa kitu, unamwambia alipie hisia zako. Kwa hivyo nasema waziwazi: sitaki mtu yeyote alazimishwe kukaa kwenye gofu ili mimi nipate picha. Kaunti ndiyo inatoza kodi ya ardhi na majengo. Inaweza kumpunguzia anayetunza jengo la zamani. Inaweza kumruhusu ajenge nyuma akiacha uso wa mbele. Jengo linalotumika hulipa fundi wake. Lile lililofungwa kufuli ndilo huanguka.

Na tusijidanganye kwamba hatuwezi. Rusinga watu wanalitunza kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Julai 5, 1969, jengo lenye umbo la risasi ambalo hata mtoto wa nasari anajua ni la nani. Mfangano kuna michoro ya kale kwenye mapango ya Mawanga, na jamii ya Abasuba ikaanzisha makumbusho yake yenyewe. Hakuna mtu alisubiri Nairobi iwaruhusu kujali. Ila kwenye orodha yote hiyo, tafuta mahali palipotunzwa kwa ajili ya boti, gati na mafundi wake. Mimi sijapata.

Kwa nini sasa

Juni 1, 2025, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay, na mada ya siku ilikuwa uchumi wa buluu. Jets zilipita juu, hotuba zikatolewa, ziwa likasifiwa. Kisumu nako meli mpya, MV Uhuru II, imeundwa kwenye kiwanda cha hapo hapo, na ndiyo, sehemu zake nyingi zilikuja kwa vipande kutoka ng'ambo, kama kina Winifred. Pesa za maji zinarudi. Nafurahi. Lakini wakati wa pesa kuingia ndio wakati wa vitu vya zamani kutoka. Gati mpya hujengwa mahali pa gati ya zamani. Barabara pana hupita palipokuwa na baraza.

Ziwa lenyewe halisubiri pia. Lilipanda sana kati ya 1961 na 1964, likapanda tena 2020 likameza fuo na kuhamisha watu. Na mji wa Macalder, Migori, unatuonyesha mwisho wa kutojali. Pale palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu, ukafungwa 1966. Leo vijana wanachimba kwa mikono kwenye mabaki, na ukiuliza mgodi ule uliendeshwa vipi, nani alilala wapi, nani alikufa chini, unapata vipande vya maneno tu. Miaka 60 imetosha kufuta mji wa kazi.

Kwa hivyo nataka tufanye mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji digrii.

Moja, kila mmoja wenu achukue jengo moja au fundi mmoja. Si machweo. Pima mlango, piga picha za pande zote nne, andika nani alikuwa mwenyewe na nani yupo sasa. Kwa fundi, rekodi kazi nzima kutoka uti wa chini hadi rangi, na umlipe muda wake. Ukifuta klipu kwenye simu kwa sababu nafasi imejaa, anza na zile za klabu.

Mbili, kuna Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya asili na sanaa za kitamaduni. Inazipa kaunti kazi ya kusajili maarifa hayo. Namna ya kuunda boti ya ziwa ni maarifa ya asili kama kitu chochote kinaweza kuwa. Homa Bay na Migori, fungueni ukurasa huo. Andikeni mafundi wa Mbita, wa Sori, wa Muhuru. Mtu akisajiliwa, mtoto wake anaona hiyo ni kazi, haoni tu baba yake akichafuka.

Tatu, tuandike ombi. Katiba inatupa haki hiyo, na bunge la kaunti lazima lipokee. Tuanze na Kendu Bay: maduka, msikiti, mabaki ya biashara ya pamba na gati, kama eneo moja la kihistoria, na boti moja nzuri ya sesse ipendekezwe kuwa kitu cha kulindwa. Rasimu nimeshaianza. Nahitaji mtu anayejua sheria kuliko mimi, wawili wanaojua kuchora ramani, na wengi wa kutia sahihi. Wenye majengo waitwe kwanza, kabla ya sisi wote, waseme wanachotaka.

Mkiwa tayari nipeni jina la mji wenu hapo chini, na jengo moja ambalo likibomolewa kesho utaumia. Usiandike "yote". Andika moja.